Nyasi zimekauka, ndege hawapo: je, bustani yetu inakufa?

Swali: "Bustani kubwa ya mjini kwetu ilikuwa inapendeza sana miezi michache iliyopita. Maua yalijaa, vipepeo hawakuhesabika, na alfajiri ndege walikuwa wanaamsha mtaa mzima. Sasa nyasi zimekauka, miti kadhaa imebaki matawi matupu na ndege wengi hawaonekani. Juu ya hayo, wasimamizi wameacha majani makavu yajirundike chini ya miti, gogo lililoanguka halijaondolewa, na upande mmoja nyasi hazijakatwa kabisa. Kamati yetu ya wakazi imeandaa barua ya kudai usafi. Kabla hatujaituma nauliza: bustani inakufa, au ni msimu tu? Na kama ni msimu, tudai nini?"

Jibu:

Barua hiyo msiitume. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni bustani inayokufa. Naona bustani iliyo katikati ya msimu wake mgumu, mikononi mwa wasimamizi wanaoijua kazi yao. Majani makavu, gogo na nyasi ndefu ni vitu vitatu ambavyo ningevitafuta kwanza kama ningeitwa kuikagua, kwa sababu humo ndimo walimo sasa hivi vipepeo na wadudu wengine unaowakumbuka. Mkivisafisha leo, mtakuwa mmeufuta msimu ujao kabla haujafika.

Nieleze kwa nini. Kipepeo tunayemwona akiruka yuko kwenye kipande kifupi sana cha maisha yake, mara nyingi wiki chache tu. Kwa aina nyingi, sehemu kubwa ya mwaka hupita akiwa yai, kiwavi au pupa, na hali hizo tatu hazipendezi wala hazionekani kirahisi. Pupa huning'inia kwenye bua la nyasi kavu akiwa na rangi ileile ya bua, na mtu anaweza kupita karibu naye kila siku asijue. Mashine ya kukata nyasi ikipita hapo, haichagui. Ndiyo maana kuna bustani zinazochanua vizuri kila mwaka na bado hazina vipepeo: maua yapo, lakini waliokuwa wayatembelee walipakiwa kwenye mifuko ya taka miezi mitano kabla.

Majani makavu nayo yana mengi kuliko yanavyoonekana. Fanya jaribio moja kabla ya kikao chenu kijacho. Chukua konzi mbili za majani kutoka chini ya mti, yale ya tabaka la chini yenye unyevu, uyatikise juu ya kitambaa cheupe, kisha usubiri bila kugusa. Kwanza hutaona kitu. Baada ya muda chembe ulizodhani ni udongo zitaanza kutembea: buibui wadogo, utitiri, jongoo wachanga, na vidudu vyeupe vinavyoruka kama cheche. Hao ndio wanaolisagasaga jani hadi kuvu na bakteria waweze kulimaliza, na mboji inayopatikana ndiyo inayoulisha mti uleule uliolidondosha. Ukiondoa majani kila wiki, unauondolea mti chakula chake, halafu baadaye mtanunua mbolea ya kuziba pengo hilo.

Kama kuna mjumbe anayedhani bustani ya mjini haiwezi kuwa na la maana chini ya majani, mweleze habari za Central Park ya New York. Ni bustani ya hekta zipatazo 341, imezungukwa na maghorofa na hutembelewa na mamilioni ya watu kwa mwaka. Humo, kwenye majani makavu, wataalamu walimkuta tandu ambaye sayansi haikuwa imemjua. Ana urefu wa takriban sentimita 1 na jozi 41 za miguu, na mwaka 2003 alipewa jina Nannarrup hoffmani. Jamaa zake wa karibu wako Asia ya Mashariki, kwa hiyo huenda aliingia na udongo wa miche iliyosafirishwa, lakini hakuna aliyekuwa amemwona hata huko. Miaka kadhaa baadaye watafiti walichukua sampuli 596 za udongo wa bustani hiyohiyo, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha zaidi ya aina 160,000 za viumbe wadogo. Nyingi hazikuwa zimewahi kuandikwa popote.

Sasa tuje kwenye miti iliyobaki mitupu. Katika nchi za baridi, mti hupukutisha majani siku zinapofupika na joto kushuka. Katika nchi za joto, sababu kubwa ni maji: jani hupoteza maji mchana kutwa, na mti usioweza kuyarudisha huona afadhali kuliacha. Msufi ni mfano mzuri. Hupukutisha majani kiangazi kinapokolea, kisha huchanua ukiwa mtupu, na maua yake hufunguka usiku. Popo huyafikia bila kuzuiwa na majani, wakanywa nekta na kubeba chavua hadi mti mwingine. Anayeuona msufi huo mchana atasema umekufa, na kumbe uko kwenye kazi yake kubwa ya mwaka. Kama mna wasiwasi na mti fulani, kwangua kwa ukucha ganda la kitawi chembamba. Chini yake kukiwa na rangi ya kijani na unyevu, mti uko hai. Kukiwa kukavu na rangi ya kahawia, jaribu tawi jingine, na jingine tena, kabla ya kutoa hukumu.

Hapa niseme kidogo kuhusu mikuyu na miti ya jamii yake, maana kama bustani yenu inayo, hiyo ndiyo miti ya kulindwa kuliko yote. Miti mingi huzaa kwa msimu mmoja, kisha chakula kinakwisha kwa wakati mmoja. Mikuyu haifuati utaratibu huo. Mmoja unazaa sasa, wa pili baada ya miezi miwili, wa tatu baadaye tena, na hivyo ndege, popo na nyani hupata cha kula wakati miti mingine haina kitu. Sababu ya kupishana huko ni nyigu mdogo wa milimita chache tu. Ukipasua tunda bichi la mkuyu utaona kwamba maua yake yote yako ndani, yamegeukia katikati. Nyigu jike huingia kupitia tundu jembamba lililo kwenye ncha, jembamba kiasi kwamba mara nyingi mabawa yake hung'oka hapo. Akiwa ndani huchavusha maua, hutaga mayai na kufa humohumo. Watoto wake wakikua, madume wasio na mabawa hutoboa njia ya kutokea, na majike huruka wakiwa wamebeba chavua. Wana siku moja au mbili tu za kuupata mkuyu mwingine wa aina yao ulio tayari. Kama mikuyu yote ingezaa kwa pamoja, nyigu wangetoka wasikute pa kwenda. Kwa hiyo mkuyu mmoja uliobaki peke yake katikati ya mji unategemea mingine iliyo mbali, na kila mkuyu unaokatwa mahali fulani mjini unapunguza uwezekano wa huo wenu kuzaa. Wakati wa ukame ukiona ndege wamejazana kwenye mti mmoja huku bustani yote ikiwa kimya, nenda kautazame. Mara nyingi utakuwa wa jamii hiyo.

Kuhusu ndege, inabidi kutenganisha makundi matatu. Wapo wanaohama kweli. Mbayuwayu wanaozaliana Ulaya wana uzito wa gramu 20 hivi, na kila mwaka huvuka jangwa la Sahara kwenda na kurudi, wengine wakifika hadi Afrika Kusini. Ndege mwingine wa angani, teleka wa Ulaya, ni wa kustaajabisha zaidi: mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walionyesha kwamba baadhi yao hukaa hewani miezi 10 mfululizo bila kutua. Wa kundi hili wakiondoka kwenu, bustani haijawakosea kitu, tarehe yao imefika tu. Kundi la pili huhamahama kwa umbali mfupi kufuata maji, matunda au maua, na unaweza kuwakuta ng'ambo ya mji. La tatu hawajaenda popote. Wamemaliza kulea vifaranga, wanabadilisha manyoya, na kwa kuwa hawana tena eneo la kutetea wala mwenza wa kumwita, wananyamaza na kujificha. Sisi wengi huhesabu ndege kwa masikio bila kujua, kwa hiyo ukimya tunausoma kuwa ni kutoweka. Nendeni na darubini jua linapochomoza, mkae mahali pamoja nusu saa bila kuzungumza. Naamini mtawaona wengi kuliko mnavyotarajia.

Lakini kuna jambo moja kwenye habari za ndege ambalo mji unahusika nalo moja kwa moja, na hapa ndipo ningependa nguvu ya kamati yenu ielekezwe. Ndege wengi wadogo wanaohama husafiri usiku, na wakiwa juu ya mji bustani ndiyo kisiwa chao cha kupumzikia. Taa huwavuta chini na kuwachanganya, kisha vioo vya majengo huwamaliza, kwa sababu ndege haoni kioo, anaona miti na anga iliyomo ndani yake. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 2023, karibu ndege 1,000 walikufa kwa kugonga jengo moja la mikutano huko Chicago, McCormick Place, lililo kando ya ziwa. Kwa Marekani nzima, makadirio yaliyotolewa mwaka 2014 ni kati ya ndege milioni 365 na milioni 988 kwa mwaka. Kuzima taa zisizo na kazi katika majuma ya uhamaji ni hatua isiyohitaji bajeti, na kazi yake inaonekana usiku huohuo.

Taa huvuruga hata miti. Nchini Uingereza uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mahali penye mwanga mwingi wa usiku miti huchipua mapema, kwa tofauti inayofika siku 7 na nusu. Mtu anaweza kuona kwamba wiki moja si kitu. Kwa kiwavi anayehitaji jani laini lisilokomaa, na kwa ndege anayehitaji kiwavi huyo siku ileile vifaranga wanapoangua, wiki moja ni kubwa mno. Yuko ndege mdogo wa Amerika Kaskazini aitwaye chickadee, mwenye uzito wa gramu 10 hivi. Ili jozi moja ilee kizazi kimoja cha vifaranga, inahitaji kati ya viwavi 6,000 na 9,000. Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya nifurahi kila nionapo jani lenye matundu. Jani lililotafunwa lina maana kwamba viwavi wapo, na viwavi wakiwepo vifaranga watakula.

Hilo linanipeleka kwenye maua. Miti mingi ya mapambo iliyoletwa kutoka mabara mengine huchanua kwa uzuri wa ajabu, na sina ugomvi na mtu anayeipenda. Ila majani yake mara nyingi hayaliwi na mdudu yeyote wa mahali ilipopandwa, kwa kuwa wadudu na mimea huzoeana kwa maelfu na maelfu ya miaka. Watafiti waliowafuatilia hao chickadee kwenye viwanja vya nyumba katika eneo la Washington, mji mkuu wa Marekani, walitangaza mwaka 2018 kwamba mahali ambapo mimea ya asili ilipungua chini ya asilimia 70, ndege hao hawakuweza kuzaa vya kutosha kufidia waliokufa. Macho yaliona bustani ya kijani kibichi, na ndege walikuwa na njaa. Kwa hiyo wasimamizi wakisema wanataka kupanda, swali lenu la kwanza liwe: mti gani, na ni wa asili ya hapa?

Gogo mliachie lilipo. Mti uliokufa hukaliwa na viumbe wengi kuliko ulipokuwa hai: kuvu hulainisha mbao, mabuu ya mbawakawa hutafuna njia ndani yake, vigong'ota huja kuyatafuta, na matundu yao baadaye huwa nyumba za ndege wengine, popo na nyuki. Richmond Park ya London, yenye hekta 955, inajulikana kwa zaidi ya aina 1,350 za mbawakawa, na sababu kubwa ni kwamba miti yake mikongwe na magogo yameachwa yaoze mahali pake. Mmoja wao ni mbawakawa mkubwa ambaye taya za dume zimekuwa kama pembe. Buu lake huweza kukaa hadi miaka 7 ndani ya mbao inayooza chini ya ardhi kabla ya kutoka na kuruka kwa wiki chache tu. Usafi wa siku moja unaweza kufuta kazi ya miaka hiyo yote. Kama mti mkavu umesimama kando ya njia na unatishia watu, si lazima ung'olewe. Fundi aukate hadi kimo salama, shina libaki, na vipande vilazwe vichakani.

Nyasi ndefu najua ndizo zitakazoleta ubishi kikaoni, na hofu za watu zina haki ya kujibiwa. Mbu hawazaliani kwenye majani makavu wala kwenye nyasi, huzaliana kwenye maji yaliyotuama: kopo, tairi, mtaro ulioziba. Hayo ndiyo ya kudai yasafishwe, na haraka. Nyoka huogopwa zaidi pale mtu asipoona anapokanyaga, kwa hiyo pembezoni mwa kila njia na kuzunguka mahali pa watoto kuchezea ukatwe ukanda wa mita mbili hivi, nyasi zibaki chini. Ukanda huohuo husaidia moto usivuke kufikia majengo wakati wa ukavu. Sehemu iliyobaki ikatwe mara moja au mbili kwa mwaka baada ya mbegu kudondoka, na isikatwe yote kwa pamoja: theluthi moja iachwe mwaka huu, nyingine mwaka ujao, ili wadudu wawe na pa kukimbilia. Nyasi zilizokatwa ziachwe siku chache, vilivyomo vitoke, ndipo ziondolewe. Zikiozea hapohapo kila mara huzidisha rutuba, na rutuba ikizidi nyasi kali chache husonga maua ya porini.

Hata uwanja wa kawaida hauhitaji kukatwa kila wiki. Huko Springfield, Massachusetts, Marekani, watafiti walilinganisha viwanja vilivyokatwa kila wiki, kila wiki mbili na kila wiki tatu. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba nyuki walikuwa wengi zaidi kwenye vile vya wiki mbili. Na tukiwa kwenye nyuki: takriban asilimia 70 ya aina za nyuki duniani hujenga ardhini. Kile kipande cha udongo mtupu wenye vitundu, chini ya jua, ambacho kila msimamizi mpya hutamani kukifunika kwa zege, huenda ni kijiji chao.

Huenda mtauliza mtajuaje bustani ikianza kufa kweli. Msilinganishe mwezi huu na ule wa maua, linganisheni mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana. Ningeshtuka mvua za kwanza zikinyesha na jioni yake kumbikumbi wasitoke mahali walipokuwa wanatoka kila mwaka. Ningeshtuka dimbwi la msimu likijaa bila sauti ya chura hata mmoja, ingawa dimbwi kukauka wakati wa kiangazi si tatizo: kwa kukauka linakosa samaki, na viluwiluwi wanapona. Ningeshtuka pia majani ya miti ya asili yakiwa mazima kabisa msimu mzima, bila tundu hata moja, kwa sababu hapo kwa kawaida kuna mtu anapuliza dawa. Na ningeangalia maji ya mvua: yakisimama juu ya ardhi badala ya kuzama, udongo umeshindiliwa na miguu au magari, na mizizi inakosa hewa. Hilo la mwisho huua miti mikubwa polepole, na likishaonekana kwenye matawi huwa limechelewa.

Kulinganisha kunahitaji kumbukumbu, na hiyo kamati inaweza kuianza wiki hii kwa daftari moja. Huko Kyoto, Japani, tarehe za kuchanua kwa micheri zimekusanywa kutoka shajara na kumbukumbu zinazorudi nyuma hadi karne ya 9. Ndiyo maana mwaka 2021, maua yalipofikia kilele tarehe 26 Machi, iliwezekana kusema kwamba hakuna mwaka uliokuwa umeandikwa kabla yake ambao yaliwahi namna hiyo. Nyinyi chagueni mambo machache: siku mti fulani ulipotoa majani, siku mbayuwayu wa kwanza alipoonekana, siku kumbikumbi walipotoka, mvua ilinyesha lini. Mtu mmoja aandike, wa pili amsaidie akisafiri.

Kisha andikeni barua nyingine. Ombeni ratiba ya kukata nyasi ibandikwe langoni pamoja na sababu zake, ili mwakani pasiwe na mtu wa kudhani ni uzembe. Ombeni taa zielekezwe chini na zizimwe usiku wa manane mahali zisipohitajika, ombeni orodha ya dawa zinazopulizwa na tarehe zake, na ulizeni mitaro iliyoziba itazibuliwa lini. Kama wasimamizi wana miche ya asili lakini hawana watu wa kuimwagilia katika miezi yake ya kwanza ya ukavu, wapeni majina na zamu zenu kwenye barua hiyohiyo.